Siku Tatu Bila Rivasi, Arusha Hadi Oldeani

Wenzangu wa yadi, mmeniuliza mpaka nimechoka. Nikipaki tu, mtu anakuja na kikombe chake mkononi: "Paskali, Arusha hadi Oldeani ni saa tatu na nusu. Siku tatu zote hizo ulipitia Kongo?" Basi nimeamua kuandika mara moja, kila mtu asome, halafu mniache ninywe chai yangu kwa amani.

Habari za vibali na jinsi vipuri vilivyofika naziruka, zinachosha hata mimi niliyezipitia. Naanza na gari lenyewe, maana wapo wageni hapa yadini ambao hawalijui.

Ni gari la Kiingereza la zamani, la michezo, viti viwili, paa la turubai. Liko chini kiasi kwamba ukikaa ndani, kuku anakutazama usoni. Meneja mmoja wa shamba la kahawa la Oldeani aliliacha likiwa bovu alipoondoka, akamwambia baba yangu, aliyekuwa fundi wa matrekta pale shambani: "Likikutii, ni lako." Likamtii. Fahari yake ni ovadraivu, kifaa kilichofungwa nyuma ya giaboksi. Ukiwa gia ya tatu au ya nne unabonyeza swichi iliyo katikati ya dashibodi, injini inashusha pumzi, na gari linaendelea na mwendo ule ule kwa nusu ya kelele. Baba alikuwa akiwapa watu lifti makusudi ili tu wasikie injini ikishusha pumzi.

Ovadraivu ina sharti moja: usirudi nyuma ikiwa imeshika. Ukirudi, inavunjika ndani kwa ndani. Na mimi, kijana wa miaka ishirini na miwili, Jumapili moja nje ya kanisa, baba ameketi pembeni yangu na suti yake ya kijivu, niliweka rivasi bila kuizima. Ulisikika mlio mmoja tu, kama mfupa. Tulirudi nyumbani polepole, baba akalifunika gari kwa turubai, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyelitaja mezani. Nikawa dereva wa watalii, nikaoa, nikapata watoto watatu, na kila nikienda nyumbani turubai liko pale pale.

Miaka miwili iliyopita nilimwomba nilichukue nikalitengeneze. Akasema, "Chukua," akaendelea kula. Halafu juzi dada yangu Agripina akanipigia simu: macho ya baba yanakwisha, anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, hawezi tena kukaa peke yake, na Jumapili anamchukua wakaishi wote Mwanza. Nikajiambia kabla ya Jumapili hiyo baba atapanda gari lake, na atasikia ovadraivu ikiingia. Gari peke yake lisingetosha, kwa sababu gari sikulivunja. Nilichovunja ni ovadraivu.

Arusha hadi Makuyuni

Jumatano jioni nililiosha. Juu, chini, ndani ya matairi, kwa mashine ya presha, kama tulivyofundishwa sote: dereva wa utalii halazi gari na vumbi. Mgeni akiamka asubuhi akute gari linang'aa kama sahani ya harusi. Nimefanya hivyo miaka yote hii na sikuona sababu ya kuacha kwa sababu tu mgeni wangu safari hii ni baba.

Alhamisi asubuhi nikaondoka. Nilipopita Kisongo barabara ikanyooka, nikaweka gia ya nne, nikabonyeza swichi. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Nikasimama, nikampigia Fundi Hamisi, ambaye alikuwa amelijaribu gereji wiki nzima bila tatizo lolote.

"Fyuzi hiyo," akasema.

Nikabadilisha fyuzi. Kimya.

"Basi ethi. Kwangua ethi yote, mpaka bati ling'ae."

Nililala chini ya gari na kisu nikikwangua sehemu ambayo waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme, unashika bodi, punda wawili wakinikagua. Saa mbili zikaenda. Nilipoondoka bado haikushika, lakini karibu na Makuyuni, nikiwa gia ya tatu nyuma ya lori, nikaruka tuta, na ovadraivu ikaingia yenyewe. Sikuwa nimegusa swichi! Jasho likanitoka mpaka kwenye kope. Kidogo ikatoka, tena yenyewe. Na kufika saa saba mchana ikaanza kutii swichi vizuri kabisa, ingia, toka, ingia, toka, kana kwamba hatukuwahi kugombana.

"Si nilikwambia ni ethi!" akasema Hamisi kwenye simu. Nilimshukuru, lakini roho haikutulia. Kitu kinachoingia bila kuambiwa kinaweza kuingia wakati wowote, hata nikiwa narudi nyuma. Pale pale Makuyuni nikaweka nadhiri: rivasi siigusi mpaka nijue ugonjwa ni nini.

Mto wa Mbu

Nadhiri ni rahisi barabarani. Shida ilianza nilipopaki mbele ya hoteli ya wali pale Mto wa Mbu, pua ikiwa ukutani, kwa mazoea. Nilikula wali, maharage na mchicha, nikanunua ndizi nyekundu za kumpelekea baba, nikatoka nimeshiba na kukumbuka kwamba gari lazima litoke kinyumenyume. Nikaweka gia huru, nikashika mlango, nikaanza kusukuma.

Mama aliyeniuzia ndizi akasimama. "Baba, betri imekufa?"

"Hapana, mama. Linawaka."

"Sasa mbona unalisukuma?"

"Sitaki kutumia rivasi."

Akawageukia wenzake akapaza sauti, "Jamani, njooni mwone! Gari zuri hivi, kumbe halina rivasi!"

Nikasema linayo. Nikaeleza ovadraivu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kucheka, na mmoja akasema pengine Wazungu wa zamani walikuwa hawarudi nyuma. Mzee mmoja wa Kimaasai aliyekuwa anasubiri usafiri wa kwenda Ngorongoro aliweka fimbo yake chini bila kucheka, akaja kusukuma upande wa pili. Tulipomaliza akaniambia, "Mimi nina dume mmoja wa ng'ombe, naye hataki kurudi nyuma. Simsukumi. Namzungusha tu." Ushauri huo niliufuata hadi Jumamosi: kila niliposimama nilitafuta kwanza mahali pa kuzungukia. Kuna vituo vya mafuta nilivipita na kiu yangu kwa sababu havikuwa na njia mbili.

Taa za gari lile ni hafifu, kwa hiyo giza halijaingia nilikuwa nimeshachukua chumba. Na kabla ya kuoga mwenyewe nikaliogesha gari, maana vumbi la Makuyuni mnalijua.

Mlimani hadi Karatu

Ijumaa asubuhi, kimya. Nilikaribia kulia, nawaambia kweli. Pale Mto wa Mbu nikaelekezwa kwa fundi mmoja, Shabani, mtu mpole mwenye spana zilizopangwa kwenye kitambaa kama za daktari. Akapima oili ya giaboksi, iko sawa. Akafungua chujio, safi. Akanusa oili, akaionja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Oili haina kosa," akasema. "Hili gari linaona baridi. Liache jua lilipige."

Nilidhani ananitania. Tukaliacha juani, tukanywa chai na maandazi, tukazungumza habari za mpunga na za mabinti zake wawili wanaosoma Babati. Saa sita akanambia nijaribu. Ikaingia! Shabani akafunga spana zake kwa heshima ya mtu aliyefanya upasuaji, na mimi nikapanda mlima nikiimba. Mbona sikujiuliza jua limetibu nini? Sijui. Mtu mwenye furaha hana maswali.

Huko juu, Rhotia, nilipata nusu saa ambayo siwezi kuisahau. Turubai nimelikunja, mahindi kulia, ngano kushoto, upepo wa nyumbani usoni, swichi chini, injini inashusha pumzi. Nilimwona baba kwenye kiti cha pembeni kabla hajakaa.

Ningeweza kunyoosha moja kwa moja hadi Oldeani jioni ile. Lakini nilikuwa nimemwahidi Shangazi Maria, dada yake baba, kwamba nitampitia Qurus Jumamosi asubuhi twende wote kumuaga kaka yake. Isitoshe, sikutaka kufika kwa baba na gari la vumbi. Nikalala Karatu kwa madereva wa zamani, mnawajua, wale wasioishiwa maneno. Wote walitoka kuliona, wote walinipeleka pale tunapooshea magari, na mmoja akashika mwenyewe mpira wa presha akalipiga tumbo mpaka povu likaisha. "Mzee wako analistahili hili," akasema. Nikamwambia kweli.

Jumamosi asubuhi ukungu umejaa Karatu. Swichi, kimya. Madereva wakaanza. Mmoja akasema ni kimo, hewa ni nyembamba. Mwingine akasema nitie oili nzito ya Landikruza. Wa tatu akasema nimwambie tu baba kwamba inafanya kazi, haoni, atajuaje? Huyo nilimtazama mpaka akaomba radhi. Baba anaweza kutambua trekta bovu kwa sauti likiwa ng'ambo ya bonde.

Qurus

Shangazi Maria alikuwa nesi na mkunga maisha yake yote. Amestaafu, lakini mtu akipiga chafya karibu naye anaulizwa maswali. Alinikuta nimekaa kwenye ngazi ya nyumba yake, kichwa mikononi, uji umepoa.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Nani anaumwa?"

"Gari."

Nilitegemea anicheke. Akaingia ndani, akatoka na daftari na kalamu, akaketi. "Limeanza lini?"

"Juzi, Alhamisi."

"Saa ngapi linazidiwa?"

"Asubuhi. Siku zote tatu asubuhi halifanyi kitu. Ikifika mchana linapona."

"Bila dawa?"

"Tulidhani ni dawa. Alhamisi tulidhani ni ethi, jana tulidhani ni jua."

Akaandika. "Kabla halijaumwa, lilikuwa linakaa wapi?"

"Gereji kwa Hamisi, ndani. Wiki nzima halikuumwa."

"Na sasa jioni unalifanya nini?"

"Silifanyi kitu, Shangazi. Naliosha tu."

Kalamu ikasimama. "Kila jioni?"

"Kila jioni. Juu na chini. Kwa presha."

Shangazi alivua miwani. Kisha akasema taratibu, kama anavyowaambia akina mama wa mimba ya kwanza: "Paskali. Mtoto ana kifua, kila jioni unampiga maji ya baridi mgongoni, asubuhi unashangaa anakohoa. Nani alikufundisha?"

Nilitaka kujibu kwamba nimefundishwa na kazi yangu, kwamba hakuna dereva wa Karatu atakayelaza gari na vumbi, kwamba hiyo ndiyo heshima yetu. Badala yake niliinuka nikaenda kwenye jeki.

Nilipoingia chini sikutazama tena oili wala ethi. Nilifuata maji. Juu ya giaboksi, mahali ambapo siku zote hupaoni ukiwa na haraka, waya unaokwenda kwenye ovadraivu ulikuwa umesuguliwa na kibanio mpaka ukachubuka, ukigusana na wenzake kila gari linaporuka. Kiungo chake kilikuwa na kutu ya kijani, na ndani yake, nawaapia, kulikuwa bado na tone la maji ya Karatu. Usiku kucha maji yanakaa humo, asubuhi umeme haupiti au unapita njia ya panya, mchana joto la injini linakausha. Siku tatu nimekuwa nikiliumiza gari la baba kwa mikono yangu, kwa usafi.

Nilikwangua kutu, nikaunga waya upya, nikauzungushia utepe, na Shangazi akakata kipande cha koti lake la mvua nikakifunga juu yake. Halafu ufunguo, injini bila kuwasha, gia ya nne, swichi. Ikiwa nzima inatakiwa isikike "tak" ndogo chini ya sakafu. Kulikuwa na mashine ya kusaga inanguruma kwa jirani, sikusikia kitu.

"Ngoja," Shangazi akasema. Akaleta ile tarumbeta yake ndogo ya mbao ya kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni, akapiga magoti na kitenge chake, akaiweka juu ya giaboksi kati ya viti viwili, akatega sikio.

"Bonyeza."

Nikabonyeza.

"Tena."

Nikabonyeza tena.

"Mzima," akasema, akainuka akijikung'uta magoti. Nilimkumbatia mpaka miwani ikaanguka. Tukamwaga ndoo ya maji pale penye kiraka cha koti, tukajaribu tena. Mzima. "Na ukifika kwa kaka yangu," akaongeza akiingia garini, "usiliguse maji."

Oldeani

Barabara ya Oldeani mnaijua, na gari liko kimo cha kuku. Tulikwenda mwendo wa mtu anayebeba mayai. Kufika kwenye mashamba ya kahawa gari halikuwa na rangi tena, lilikuwa vumbi lenye taa mbili. Nilipita mtoni pale pa kuoshea, mkono ukawa mzito kwenye usukani. Shangazi akakohoa. Nikapita.

Baba alikuwa amesimama nje kabla hatujaingia uani. Alikuwa ametusikia tangu kona ya ghala. Nyuma yake Agripina, na masanduku mawili yamefungwa tayari.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Silinda ya tatu imechelewa kidogo," akasema. Ndiyo salamu niliyopata. Akanyoosha mkono, akalipata gari, akatembea nalo kutoka taa hadi taa akiligusa. Alipofika mwisho alisugua vidole vyake. "Limekuja kwa barabara," akasema, na nikaona amefurahi. Lingekuja likiwa limeoshwa asingekuwa na cha kushika isipokuwa bati baridi.

Nikafungua mlango wa pembeni. Agripina akasema baba hajala. Baba akasema atakula akirudi.

Lango la Lodoare

Tuliwaacha Shangazi na Agripina, tukatambaa tena hadi lami, tukageuza pua kuelekea lango la Ngorongoro. Kipande kile si kirefu, lakini kimenyooka. Gia ya pili, ya tatu. Nikaweka ya nne, nikapeleka mkono kwenye swichi, nikakuta mkono wa baba uko hapo tayari. Ameikuta swichi bila kuona. Nikarudisha mkono wangu kwenye usukani.

"Bado," akasema, sikio limeinama. "Bado... Sasa."

Akabonyeza, na injini ikashusha pumzi.

Sikumtazama kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na macho na barabara ilikuwa na magari ya watalii. Lakini nilimsikia akicheka kwa pua, kile kicheko ambacho nilikuwa nimesahau kwamba ni chake. Akaitoa, akaiingiza, akaitoa, akaiingiza tena, kila mara kwa wakati wake sawasawa, na kila mara ikamtii. Mzigo uliotoka kifuani mwangu pale siwezi kuwapimia.

Langoni magari ya watalii yalikuwa yamepanga foleni, barabara imebana, hakuna pa kuzungukia. Ugonjwa nilishaujua, lakini kuweka rivasi na baba pembeni yangu sikuthubutu; nikasimama, nikaweka gia huru, nikafungua mlango.

"Unakwenda wapi?" baba akauliza.

"Nalisukuma kidogo nyuma, baba, tugeuze."

"Rivasi imekufa?"

"Haijafa."

Dereva mmoja kwenye foleni akapiga honi. Baba alikuwa ameelekeza uso kwenye kioo cha mbele, kama anaangalia msitu wa kreta.

"Siku ile kanisani," akasema, "nilikuwa nimekaa kiti hiki hiki. Niliona swichi imewashwa. Wakati huo nilikuwa naona. Nikasema moyoni, ngoja nione kama atakumbuka. Ningeweza kuizima kwa kidole. Tangu siku hiyo nilikosa pa kuanzia kukwambia."

Nilibaki na mguu mmoja nje. Baba akapeleka kidole kwenye swichi, akaipapasa, akaibonyeza kwa nguvu ili nisikie.

"Nimeizima mimi," akasema. "Ingia, urudi nyuma."

Nikaingia, nikafunga mlango, nikaweka rivasi, nikarudi nyuma.